Kilatini cha Mbuzi

"Capra est alba." Mbuzi ni mweupe. Kitabu chenyewe ndicho hicho. Unagusa kioo, mbuzi anatokea, anatikisa mkia, na sauti ya kitoto inakutangazia kwamba ni mweupe, kana kwamba macho yako yamekwenda likizo. Unagusa tena, mbuzi anakula majani. Unagusa tena, mbuzi anakunywa maji. Ukifika mwisho nyota zinamwagika juu ya kioo, unapigiwa makofi, unaambiwa kwamba sasa wewe unajua Kilatini.

Mimi Kilatini nilikisoma seminari, kwenye baridi ya Njombe, vidole vimevimba, na padri aliyetufundisha hakuwahi kumpiga mtu makofi ila ya shavuni. Tulikariri vitenzi tukifua, tukimenya viazi, hata tukiota. Ndiyo maana nikimwona mtu mzima mwenye mvi na wajukuu amekaa nje ya nyumba yake, anamkodolea macho mbuzi wa kwenye kioo na kurudia "edit, bibit, edit, bibit", anakula, anakunywa, natamani kutema mate. Mji mzima umegeuka zizi.

Wala si kwamba wanapenda. Mwamuzi, mashine inayotuhukumu, haelewi lugha nyingine. Ukitaka hati ya shamba utaiomba kwa Kilatini, ukitaka kuoa utaapa kwa Kilatini, na ukishtakiwa utajitetea kwa Kilatini mbele ya sanduku jeusi lililotundikwa ukutani kama mzinga wa nyuki. Zamani wasiokijua walikuja kwangu, Longino Ngailo, Mtaa wa Bondeni, mlango wa bluu, nami niliwafundisha kama nilivyofundishwa. Kisha mbuzi akaja mtandaoni, bure, na sebule yangu ikabaki na watoto wachache wa wazazi wenye kiburi. Nilikuwa nawaambia watu kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na kamba ya huyu ni fupi. Wakasema Mwalimu ana wivu.

Osmunda Mgaya alikuwa mmoja wa waliomfuata mbuzi. Ni jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alipopata kazi bwawani alitakiwa kujua Kilatini, maana malango ya maji yanaendeshwa na mashine, na kazi ya mlinzi ni kukaa pale juu na kuiambia mashine anachokiona. Basi alipita mbele ya mlango wangu wa bluu, akaniamkia vizuri kabisa, akaenda kusoma kwa mbuzi. Nilimhesabu katika wale ambao kuwafundisha ni sawa na kumpigia mbuzi gitaa.

Kwa hiyo nilishangaa aliponibishia hodi.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene. Umepotea njia?"

Hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha wanafunzi bila kukaribishwa, mikono mapajani. "Mlango wa zahanati haunifungulii," akasema. "Nimeuita asubuhi yote. Wenzangu wanasema jina, unafunguka. Mimi nikisema, kimya. Nimekwenda dukani, mashine ya unga nayo kimya."

Nilielewa mara moja. Amefungiwa sauti.

Jela hazipo tena. Jela inataka kuta, inataka uji wa asubuhi, inataka askari. Mwamuzi anachofanya ni kuifuta sauti yako, na kuanzia hapo kila kitu chenye sikio la umeme, mlango, gari, duka, daktari, hakikusikii tena. Unatembea mjini kama mzimu mwenye njaa. Wenye ndugu wanalishwa na ndugu. Lakini dawa hazitolewi kwa ndugu, zinatolewa kwa sauti ya mgonjwa mwenyewe, na Osmunda ana kisukari cha kuchoma sindano.

"Dawa iliyobaki nyumbani haifiki Jumapili," akasema, kana kwamba anazungumzia chumvi.

Habari za bwawa nilikuwa nimezisikia. Lango la upande wa mashambani lilifunguka bila amri, maji yakafagia shamba la viazi vya mbegu, yakamchukua na mlinzi wa shamba, Mzee Ngogo. Walimkuta kesho yake kwenye matete.

"Mwamuzi alikuuliza nini?" nikamwuliza. "Yataje maneno yenyewe."

"'Nonne portam aperuisti?'"

"Nawe?"

"'Ita.'"

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Nilicheka mpaka nikakohoa, na yeye akaningoja nimalize.

"'Ita' ni ndiyo," akasema. "Imo kwenye kitabu. Nilisikia 'non', nikajua ananiuliza, hukufungua lango? Nikasema ndiyo. Ndiyo, sikufungua. Mtu akikuuliza hujala, si unasema ndiyo, sijala?"

"Kwa Kiswahili! Ile haikuwa 'non', Osmunda. Ilikuwa 'nonne'. Ni ile 'si' yetu ya kuanzia swali. Si umekula? Si ulimwona? Anayekuuliza hivyo anataka ukubali. Yeye kakuuliza, si ulifungua lango? Nawe ukamwambia ndiyo. Umekiri, mama. Umekiri kwa adabu kabisa."

Uso wake ulikuwa wa mtu anayejaribu kukumbuka kama ameacha jiko linawaka. Kisha akasema, "Kitabu hakina 'nonne'."

"Hakina! Mbuzi anakula majani, anakunywa maji, anaulizwa kama amelala. Atayajua wapi?"

"Mwalimu, wanasema mtu aliyehukumiwa anaruhusiwa mkalimani, mara moja. Mtu wa kueleza alichomaanisha."

Nilimwambia nitakwenda. Alinishukuru mpaka akapiga magoti, nikamwambia ainuke, sipendi mambo hayo. Ukweli ni kwamba nilikuwa na furaha. Kwa miaka nilikuwa nasema kwamba Kilatini cha mbuzi si Kilatini, na sasa nimepata pa kulisema hilo mbele ya Mwamuzi mwenyewe, mji wote ukinisikiliza, tena kwa kumwokoa mtu. Nani amewahi kupewa nafasi tamu kama hiyo?

*

Jioni alikuja Tumsifu Kyando, msambazaji wa kitabu cha mbuzi kwa nyanda zetu zote za juu. Mtu mzima, viatu safi, tabasamu la kuuzia bima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbuzi hajambo?"

"Hajambo." Alikaa. "Nasikia kesho unasimama barazani. Utasema nini?"

"Nitasema kwamba mama yule hakujua anachoulizwa, kwa kuwa kitabu chako kimemfundisha kulia mee."

Alivumilia. "Tatizo ni 'nonne'. Najua. Ilikuwamo mwanzoni. Wasomaji walikuwa wanakwama pale, wanazima kioo. Wakaitoa."

"Ukurasa mmoja tu, Tumsifu! Mngewaambia ni ile 'si' ya kwetu. Si umekula? Mtoto wa chekechea angeelewa."

"Kitabu hakikutungwa huku," akasema polepole. "Ni kimoja kwa dunia nzima, kinabadilishwa sauti tu. Waliokitunga hawana 'si'."

Nilimwangalia. Kumbe hata aibu ya kosa lenyewe haikuwa yetu, tuliletewa kama mitumba.

"Umefikiria Mwamuzi atafanya nini ukishasema?" akauliza.

Nilikuwa nimefikiria. Kila aliyesoma historia kidogo anaijua. Zamani mashine zilihukumu kwa lugha za watu, na watu wakazishinda. Neno lilikuwa na maana moja Jumatatu, ikifika Ijumaa vijana wamelipachika nyingine. Mtu anaapa mbele ya mashine, "nitakulipa", kwa tamko ambalo mtaani kila mmoja anajua maana yake ni "utajiju". Mikataba ikawa mzaha. Mataifa yakakaa, yakaamua itafutwe maiti, maana maiti habadili kauli. Ndipo kikachimbuliwa Kilatini. Mkataba wao ukasema mashine itahukumu kwa lugha mfu peke yake, na ikitokea lugha hiyo imekuwa hai, mashine inyamaze na watu wahukumiane wenyewe. Hicho kifungu cha mwisho hakuna aliyekijali. Mkataba ukasema pia kwamba asiyekijua Kilatini hana kauli, na lolote alilolisema ni batili.

"Ukithibitisha kwamba wasomaji wa mbuzi hawakijui," Tumsifu akasema, "Osmunda atapona. Jibu lake litafutwa. Lakini Mwamuzi ni mashine, hafuti la mtu mmoja. Atafuta ya wote. Hati zao za mashamba, ndoa zao, kazi zao. Kabla ya mbuzi hawa watu walikuwa wanahukumiwa wamekaa pale kama magunia, Mwalimu. Wenye fedha wamepandikizwa Kilatini kichwani, wao hata jina lao hawajui kulitaja. Unawarudisha huko."

"Na nikikaa kimya, Osmunda anakufa."

"Anakufa." Alilisema bila tabasamu, na hapo nikamheshimu kidogo. "Sijaja kukuambia ufanye nini. Nimekuja ujue."

Alipofika mlangoni akageuka. "Au labda hutawarudisha kuwa magunia. Labda watarudi kwako. Sebule itajaa. Pengine hicho ndicho unachokingoja."

Nilimwambia atoke. Alitoka, lakini aliyoyasema yalibaki sebuleni kama harufu ya kitunguu, na kilichoniudhi ni kwamba nilikuwa nimeshahesabu viti.

*

Ukumbi wa baraza ulijaa tangu asubuhi. Wasomaji wa mbuzi walikuja wote, wamebanana kwenye mabenchi, wamevaa makoti yao ya mitumba na khanga za baridi, wananiangalia kama watu wanavyomwangalia mchinjaji. Osmunda alisimama katikati, peke yake. Midomo ilikuwa imemkauka. Pembeni alisimama karani Mhema, ambaye kazi yake ni kufungua madirisha na kupangusa vumbi kwenye sanduku, kwani Kilatini hajui hata cha mbuzi.

Sanduku liliwaka taa. Sauti ya Mwamuzi ni laini, haina umri, haijawahi kula. Iliniuliza mimi ni nani, nikaijibu kwa sentensi ndefu yenye vishazi vitatu, kila kimoja kimekaa mahali pake kama kitanda kilichotandikwa. Ikanikumbusha kwamba mkalimani akisema uongo naye atafungiwa sauti. Nikasema najua. Sikuwahi kujisikia vizuri namna ile.

"Quid mulier dixit?" Mwanamke alisema nini?

Nikanyoosha mabega. "Mulier dixit: ita."

"Nani?" ikatoka sauti nyuma ya ukumbi.

Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko. Walicheka wazee, wakacheka kina mama wenye watoto mgongoni, na Osmunda mwenyewe, mwenye siku zake za kuhesabika, akaziba mdomo kwa upindo wa khanga. Mimi nilisimama pale kama mlingoti. Ilinichukua muda. Ita. Kwao ni "ndiyo" ya Kilatini, lakini sikio la Mswahili linasikia amri, ita! Niite nani? Baadaye nilikuja kujua kwamba mzaha huo umechakaa, kila aliyesoma kwa mbuzi anaujua, watoto wanaupiga hata kanisani. Mimi peke yangu nilikuwa siujui, kwa sababu hakuna mtu anayenitania.

"Quid rident?" Mwamuzi akauliza. Wanacheka nini?

Sijawahi kumsikia akiuliza kitu ambacho hakihitaji kwa hukumu. Nikamweleza. Nikasema, kwa hawa watu neno hilo lina nyuso mbili, na wanazichezesha. Nikasema tena kwamba wanapolitumia kujibu, hawajibu tendo, wanajibu maneno ya muulizaji, usemi wako ni kweli, ndivyo wanavyomaanisha.

"Ubi scriptum est?" Imeandikwa wapi?

"Nusquam." Hakuna popote.

Taa ikapepesa. Halafu likaja swali, na nilipolisikia nikajua kwamba limenipata mimi, si Osmunda.

"Num lingua Latina vivit?"

"Num" ni ndugu yake "nonne", lakini yeye anataka ukatae. Kilatini hakiko hai, au sivyo? Kukataa kulikuwa rahisi kama kuteleza. Non vivit. Lugha ni maiti, hawa hawaijui, wamekosea tu. Osmunda anapona leo hii, mbuzi anachinjwa, na kesho foleni inaanzia kwenye mlango wa bluu. Nikisema kiko hai na Mwamuzi asikubali, mimi mwongo, nafungiwa sauti pamoja naye, naye Jumapili anazikwa.

Niliwaangalia wale watu. Wasidhani niliwapenda ghafla. Niliwadharau vilevile, matamshi yao ya hovyo, uvivu wao, nyota zao za kwenye kioo. Lakini bado walikuwa wanafuta machozi ya kicheko, nami nikakumbuka kitu kimoja. Kwetu msibani watani humtania marehemu. Wanamvuta sanda, wanamdai, wanamwita mvivu anayelala mchana. Nimehudhuria misiba mingi na sijawahi kuona marehemu akijibu. Huyu marehemu wangu, Kilatini, niliyemlinda maisha yangu yote asiguswe na mtu, alikuwa amejibu. Na waliomfanya ajibu ni hawa, siyo mimi. Niliumia, nasema kweli. Niliumia kama mtu aliyenyang'anywa mke.

"Vivit," nikasema. Kiko hai.

Taa ya sanduku iliwaka, ikafifia, ikawaka. Nilikuwa najiuliza ni mlango gani utakaokuwa wa kwanza kunikatalia.

"Tacebo," Mwamuzi akasema. Nitanyamaza. Taa ikazimika, na haikuwaka tena.

Walioelewa walianza kuwaeleza wasioelewa, na minong'ono ikaenea benchi kwa benchi. Mashine imefunga kinywa. Hukumu hazipo. Kifungu kile cha mwisho kinasema watu wahukumiane wenyewe. Karani Mhema aliangalia kushoto na kulia akimtafuta mkubwa wake, akakuta hana. Akakiweka kitambaa cha vumbi mezani, akajikohoza.

"Mama Osmunda," akasema kwa Kiswahili. "Mimi sijui mambo ya sheria. Lakini Mzee Ngogo tumemzika. Hebu tuambie. Ulilifungua lile lango?"

"Nililifungua," Osmunda akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nyuma mtu alipiga yowe. Yaani mwanamke huyu alikwenda kudanganya kwa Kilatini kibovu, Kilatini kikawa kibovu kiasi cha kusema kweli, na mimi, na vishazi vyangu vitatu, nimekwenda kuiua mahakama ya dunia ili kuutetea uongo wake!

"Osmunda!" nikafoka. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Mwalimu. Uliniuliza maneno tu."

"Na Mwamuzi je? Yeye alikuuliza, ukamdanganya!"

"Kueleza yote ningewezaje? Nina maneno ya mbuzi. Kukana ni neno moja." Alijifuta uso kwa khanga, akamgeukia karani. "Ngogo alikuwa rafiki yangu. Asubuhi ile alinipa mahindi ya kuchoma nikipanda bwawani. Nisikilizeni, kisha mnifanye mnavyotaka. Nilipofika juu niliona ukuta wa bwawa umepasuka. Ufa, kutoka juu mpaka majini, na maji yanachuruzika. Nikaiambia mashine ifungue lango la mashambani ipunguze maji. Ikaniuliza kwa nini. Ufa kwa Kilatini siujui. Nikatafuta neno lolote la kitu kilichoharibika, nikapata moja. Nikasema, 'Murus aeger est.' Ukuta unaumwa. Ikanijibu, kuta haziumwi. Nikairudia, nikalia, nikaipiga ngumi. Kuta haziumwi. Na ufa unapanuka mbele ya macho yangu. Basi nikalishika gurudumu la mkono, nikalizungusha mwenyewe. Nilijua Ngogo yuko chini kule. Nilimwita kwa sauti yangu yote. Hakunisikia."

Hakuna aliyemkatiza. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu kumaliza habari yake ndani ya ukumbi ule.

"Na kama usingefungua?" karani Mhema akauliza. "Ukuta ungevunjika, maji yangekwenda wapi?"

Osmunda hakumjibu yeye. Aligeuka akaniangalia mimi.

"Mtaani kwetu, Bondeni, Mwalimu. Upepo ulikuwa unatoka chini. Nilikuwa nakusikia kule juu, unawafokea wale watoto."